Kujifunza kwa kutenda kazini: mwongozo wa kuendesha kundi lenu la kwanza

Tangu nianze kuwezesha makundi ya namna hii katika ofisi, maghala na taasisi za hapa Dar es Salaam, maswali ninayoulizwa na wanaoanza yamekuwa yale yale: kundi liwe na watu wangapi, mkuu wa kazi aingie au asiingie, utaratibu huu unatofautianaje na semina au kikao cha idara, na zaidi ya yote, mtu afanye nini wajumbe wanapokataa kuuliza na kung'ang'ania kutoa ushauri. Nimeona ni vema niyajibu kwa pamoja na kwa mpangilio, ili ukimaliza kusoma uweze kuitisha kikao cha kwanza bila kumsubiri mtaalamu.

Kujifunza kwa kutenda ni utaratibu ambamo watu wachache hukutana mara kwa mara kushughulikia tatizo la kweli lenye mwenyewe. Huanza kwa kuuliza maswali, kisha huenda kutenda, halafu hurudi kueleza kilichotokea na walichojifunza. Mwasisi wake ni Reginald Revans, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 2003, ambaye alikuwa mwanafizikia katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge kabla ya kufanya kazi na bodi ya taifa ya makaa ya mawe ya Uingereza katika miaka ya 1940. Huko alishikilia kwamba mameneja wa migodi wajifunze wao kwa wao kutokana na matatizo ya migodi yao wenyewe, badala ya kutegemea wataalamu kutoka nje. Wazo lake aliliweka katika kanuni fupi, L = P + Q, yaani kujifunza ni jumla ya maarifa yaliyokwisha kuandaliwa na maswali yenye kupenya. Katika maeneo mengi ya kazi niliyofika, maarifa yaliyoandaliwa yapo, na vitini vya semina vimejaa makabatini. Kinachopungua ni maswali, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuuliza. Nadharia inatosha hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tatizo moja halisi, pamoja na mtu mmoja anayelala na kuamka nalo. Katika mwongozo huu nitamwita mwenye tatizo.
- Watu 4 hadi 8, pamoja na mwenye tatizo. Wakipungua 4 maswali yanakauka, na wakizidi 8 wapo watakaokaa kimya mpaka mwisho.
- Mwezeshaji ambaye si mwenye tatizo wala si mkuu wa kazi wa mjumbe yeyote aliye kundini.
- Mlezi wa kundi, yaani kiongozi mwenye mamlaka ya kuruhusu mnachoazimia kijaribiwe. Yeye haingii vikaoni.
- Chumba chenye mlango unaofungwa, viti, bango kitita, kalamu za wino mzito na karatasi nyeupe.
- Tarehe za vikao vyote, zilizopangwa tangu mwanzo. Vikao 6, kimoja kila baada ya wiki 2 au 3, ni mwanzo mzuri.

Jambo la posho lisemwe mapema. Ikiwa wajumbe wamezoea kulipwa posho ya kikao, waelezwe kwenye barua ya mwaliko kwamba hii ni sehemu ya kazi yao na inafanyika ndani ya saa za kazi. Wakiligundua hilo mlangoni, siku ya kwanza itaharibika.

Hatua ya 1. Chagua tatizo, usichague kitendawili

Revans alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Liko jambo ambalo jibu lake tayari lipo mahali fulani, na liko jambo ambalo hakuna mwenye jibu. La kwanza linafanana na kitendawili: ukishindwa, unatoa mji na aliyetega anakupa jibu. Namna ya kujaza fomu za kodi ni kitendawili, kwa sababu ukienda kwa anayejua utaelezwa. Tatizo halina aliyelitega. Hata ukitoa miji yote kuanzia Tanga hadi Mtwara, hapatatokea mtu wa kukwambia jibu, kwa kuwa kila mmoja ameshika kipande tu na vipande vingine bado havijulikani.

Tatizo linalofaa lina sifa tatu: linaumiza sasa, liko ndani ya uwezo wa taasisi yenu, na mwenye tatizo ana nafasi ya kutenda jambo juu yake. "Serikali ipunguze ushuru" halifai kwa kundi hili. "Wateja wetu watatu wakubwa wamepunguza oda tangu mwezi wa pili na hatujui sababu" linafaa kabisa.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuleta tatizo ambalo uamuzi wake umekwisha kupitishwa juu. Watu hunusa haraka kwamba wameitwa kubariki jambo lililopikwa, nao hawatakupa fikra zao tena.

Hatua ya 2. Changanya watu

Usichukue idara moja. Chukua anayeijua kazi kwa mikono, anayeijua kwa karatasi, na angalau mmoja asiyeijua kabisa. Huyo wa mwisho ndiye atakayeuliza swali ambalo wenyeji wamelizoea mpaka hawalioni. Kundi moja nililoliwezesha katika ghala la kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani, upande wa Chang'ombe, lilikuwa na mkuu wa ghala, dereva, mhasibu msaidizi, afisa mauzo, afisa rasilimali watu na mlinzi wa getini. Wapo walioshangaa mlinzi kuitwa. Nitalirudia kundi hilo hatua kwa hatua, kwa sababu linaonyesha kazi hii ilivyo.

Hatua ya 3. Zungumza na mlezi ana kwa ana

Mwombe mlezi ahadi tatu, naye azitamke mbele ya kundi siku ya kwanza kabla ya kutoka chumbani: kwamba hatadai kujua nani alisema nini, kwamba ataruhusu majaribio madogo yaliyomo ndani ya mipaka atakayoitaja, na kwamba atawapokea mwisho wa vikao ili kusikia walichofanya. Mipaka hiyo itajwe kwa tarakimu pale inapowezekana, kwa mfano kiasi cha fedha ambacho hakitahitaji idhini mpya. Ahadi ya jumla kama "tutawaunga mkono" haishikiki.

Hatua ya 4. Panga saa na viti

Anza saa mbili na nusu asubuhi na umalize saa nne, watu waende kunywa chai. Dakika 90 zinatosha tatizo moja. Nimejaribu vikao vya saa tisa alasiri na sivipendekezi katika jiji hili, kwani ikikaribia saa kumi macho ya wanaoishi Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara yako dirishani, na akili imekwisha kupanda gari. Ijumaa mchana iachie sala.

Viti viwekwe kwa duara. Ondoa meza kuu kabisa, kwa sababu pakiwepo meza kuu watu wataanza kwa itifaki na watamaliza kwa hotuba. Simu zizimwe.

Hatua ya 5. Soma kanuni mbili kwa sauti

Kanuni hizi zimetiliwa mkazo hasa na Michael Marquardt wa Marekani, aliyeendeleza kazi ya Revans, na kwangu mimi ndizo zinazotenganisha kundi hili na kikao cha kawaida.

Kanuni ya kwanza: mtu hutoa maelezo pale tu anapojibu swali. Kila mjumbe anaweza kumuuliza mjumbe yeyote, si mwenye tatizo peke yake.

Kanuni ya pili: mwezeshaji anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote anapoona nafasi ya kujifunza, na akifanya hivyo wote wananyamaza na kumsikiliza.

Ongeza na ya tatu, ambayo ni makubaliano zaidi kuliko kanuni: maneno ya chumbani yabaki chumbani, na kinachotoka ni maazimio tu. Ziandike zote kwenye bango kitita na ziache ukutani kikao kizima.

Hatua ya 6. Mwenye tatizo aeleze kwa dakika tano

Asilete ripoti ndefu. Aeleze nini kinatokea, kinamuumiza nani, amejaribu nini, na anataka msaada wa namna gani. Mkuu wa ghala wa Chang'ombe alisema hivi: magari manne ya mzigo yanafika kwa wateja wa Kariakoo, Temeke na Mbagala yakiwa yamechelewa, wenye maduka wananunua kwa wasambazaji wengine waliotangulia, na mzigo unarudi. Sababu, kwa maelezo yake, ilikuwa foleni ya Barabara ya Mandela pamoja na uzembe wa madereva. Alichotaka ni kundi limsaidie kujenga hoja ya kununuliwa magari mawili zaidi.

Dereva aliyekuwemo aliinamisha kichwa. Mwezeshaji usiingilie hapo. Andika tu maneno ya mwenye tatizo kwenye bango kama alivyoyasema, usiyapambe.

Hatua ya 7. Ulizeni, na endeleeni kuuliza

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, nami nitakaa nayo kwa muda. Itachukua dakika 30 hadi 40, na katika muda huo wote hakuna ruhusa ya kuzungumzia suluhisho.

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba swali la "kwa nini" likielekezwa kwa mtu husikika kama shtaka. "Kwa nini hukutoa taarifa?" ni maneno ambayo mjumbe ameyasikia tangu shuleni akiwa amesimama mbele ya darasa, na jibu lake ni kujitetea. Ligeuze: "Ilikuwaje taarifa ikachelewa?" au "Nini kilitokea kati ya Jumatatu na Jumatano?" Maana inabaki ile ile, ila lawama imeondoka kwa mtu, na tukio lenyewe ndilo linaloangaliwa.

Jambo la pili ni ushauri uliovikwa nguo za swali. Kiswahili kina njia nyingi za kufanya hivyo, nawe kama mwezeshaji uzijue zote: "Si ungempigia simu tu?" "Huoni kwamba ni bora mkodi gari?" "Mmeshafikiria kumhamisha yule dereva?" Kipimo ninachowapa wajumbe ni rahisi: kama unalijua tayari jibu unalotaka kulisikia, hilo si swali. Ukimsikia mtu anafanya hivyo, mwombe kwa upole: "Hebu litengeneze liwe swali ambalo hujui jibu lake."

Jambo la tatu ni heshima. Wapo wanaoniambia kwamba utaratibu huu hautawezekana kwetu kwa kuwa kijana hawezi kumhoji mtu mzima. Sikubaliani nao, ingawa ugumu wanaousema ni wa kweli. Usijaribu kufuta heshima kwa siku moja kwa kuwaamuru watu waitane majina matupu. Shikamoo iendelee mlangoni, na anayeitwa Mzee aendelee kuitwa Mzee. Kinachobadilika ni kwamba kijana anapewa njia ya kuingilia: "Mzee, naomba nieleweshwe, mzigo ukishapakiwa unakwenda wapi?" Kuomba kueleweshwa si kumvunjia mtu mzima heshima, na hakuna mtu mzima niliyewahi kumwona akikasirikia ombi hilo. Ukiwafundisha wajumbe maneno hayo matatu tu, "naomba nieleweshwe kidogo", utaona wadogo wanafunguka.

Haya ni baadhi ya maswali ambayo yamenisaidia katika makundi mengi: "Tunajuaje kwamba ni hivyo?" "Mara ya mwisho mambo yalikwenda vizuri ilikuwa lini, na siku hiyo kulikuwa na tofauti gani?" "Nani mwingine analiona tatizo hili, na yeye analielezaje?" "Ni kitu gani ambacho hatujakihesabu?"

Turudi Chang'ombe. Dakika kama ya 15, mhasibu msaidizi, binti aliyekuwa na miezi michache tu kazini, aliuliza: "Samahani, naomba nieleweshwe. Leo gari la kwanza lilitoka getini saa ngapi?" Mkuu wa ghala alisema saa moja, kisha akasita, akasema labda saa moja na nusu. Afisa mauzo hakujua. Dereva alitazama chini. Mlinzi ndiye aliyesema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana daftari. Alikwenda akalileta, daftari la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula, na humo mlikuwa na kila gari, namba yake, na saa ya kutoka, kwa mwaka mzima. Tulisoma wiki mbili za nyuma kwa sauti. Hakuna gari lililotoka kabla ya saa mbili na dakika arobaini, na mengi yalitoka baada ya saa tatu.

Kukawa kimya. Kimya cha namna hiyo mwezeshaji asikijaze, kwani watu wanafikiri. Hesabu polepole moyoni mpaka kumi kabla ya kusema chochote. Aliyekivunja alikuwa afisa rasilimali watu, aliyemgeukia dereva: "Gari likishamaliza kupakiwa, huwa linasubiri nini?" Dereva akajibu kwamba magari hupakiwa tayari saa moja na robo, kisha yanasubiri hati ya kutolea mzigo, ambayo husainiwa na mhasibu mkuu peke yake, naye hutoka Mbezi na kufika ofisini saa mbili na nusu. Jambo hilo madereva wote walilijua. Hawakuwahi kuulizwa.

Katikati ya hatua hii, na si zaidi ya mara mbili, mwezeshaji asimamishe mazungumzo na kuuliza: "Mpaka sasa tunakwendaje kama kundi? Nini tunakifanya vizuri? Nini tukiboreshe?" Dakika mbili tu, kisha endeleeni.

Hatua ya 8. Kubalianeni tatizo hasa ni nini

Mpe kila mjumbe karatasi aandike tatizo kwa sentensi moja, kimyakimya, bila kuchungulia kwa jirani. Kisha zisomwe zote, ya mwenye tatizo ikiwa ya mwisho. Zikitofautiana sana, rudini kwenye maswali, maana hamjafika. Zikikaribiana, mwenye tatizo aamue maneno yapi yaandikwe kwenye bango.

Katika kundi lile, sentensi ya mwanzo ilikuwa "Tunahitaji magari mawili zaidi", na iliyoandikwa baada ya saa moja ilikuwa "Mzigo uliokwisha kupakiwa unasubiri saini ya mtu mmoja zaidi ya saa nzima kila siku." Foleni ilikuwepo, tena kubwa, lakini magari yalikuwa yanaingia barabarani wakati ambapo jiji zima limekwisha kuamka.

Tahadhari: tatizo likihamia kwa mtu mmoja, kama hapa lilivyoelekea kumwangukia mhasibu mkuu ambaye hakuwepo kujitetea, lirudishe kwenye utaratibu. Uliza: "Angekuwa mtu mwingine kwenye kiti hicho, mambo yangekuwa tofauti?" Kwa kawaida jibu ni hapana, na kundi linapona kusengenya.

Hatua ya 9. Azimieni kitendo kinachoshikika

Sasa ruhusu mawazo ya suluhisho, nayo yaingie kwa maswali vilevile: "Kingetokea nini kama hati zingesainiwa jioni?" Mwenye tatizo ndiye anayechagua, si kura ya kundi.

Azimio liwe na jina, kitendo, kiasi na tarehe. Jihadhari na maneno yanayosikika kama kazi ilhali hayana kazi ndani yake: "tutalifanyia kazi", "tutaangalia", "suala liko kwenye mchakato". Kila unapoyasikia, uliza nani, lini, na tutaonaje kwamba limefanyika. Huwa nawakumbusha wajumbe jinsi kamati ya harusi inavyokwenda. Ahadi huandikwa kwenye daftari pamoja na jina na kiasi, na kikao kijacho husomwa mbele ya wote, aliyetoa na ambaye bado. Watu hawa hawa ambao maazimio ya ofisini yanawashinda hukamilisha harusi kubwa ndani ya miezi mitatu. Uchukue utaratibu huo kama ulivyo.

Azimio la Chang'ombe lilikuwa hili: kwa wiki mbili, kwa magari mawili kati ya manne, oda zilizothibitishwa kabla ya saa kumi jioni zitaandaliwa hati na kusainiwa jioni hiyo hiyo, na mlinzi ataendelea kuandika saa za kutoka. Mkuu wa ghala alikwenda kuzungumza na mhasibu mkuu mwenyewe, akiwa na nakala ya kurasa mbili za daftari mkononi. Jaribio lilihusu magari mawili kwa makusudi. Likiharibika, nusu ya kazi inaendelea, na likifaulu, mna cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 10. Fungeni kwa kujifunza

Dakika 10 za mwisho haziguswi. Mwezeshaji amuulize mwenye tatizo kama amesaidiwa na kwa namna gani, kisha awaulize wote: "Tumejifunza nini kuhusu namna tunavyofanya kazi? Mahali pengine gani katika taasisi hii jambo hili linaweza kuwepo?" Wanaoanza huiruka hatua hii kwa sababu muda umekwisha na chai inangoja. Bila hiyo mtapata suluhisho la tatizo moja na mtabaki watu wale wale. Kundi lile, kwa swali hilo la mwisho, lilitaja karatasi nyingine tatu zinazosubiri saini ya mtu mmoja.

Hatua ya 11. Tendeni, kisha rudini

Kikao kinachofuata kinaanza kwa kusoma maazimio na kuuliza: "Ulifanya nini? Kilitokea nini? Nini hukukitarajia?" Jaribio lililoshindwa lipokelewe kwa uzito ule ule wa lililofaulu.

Magari mawili ya Chang'ombe yalianza kutoka kabla ya saa moja na nusu, lakini tatizo jipya likajitokeza: baadhi ya wenye maduka hupiga simu usiku kuongeza au kupunguza oda, na hati iliyosainiwa jioni haikulingana tena na mzigo. Kundi likarudi hatua ya 7. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa kikao cha tatu walikuwa wamekubaliana kwamba nyongeza zote za usiku ziende na gari moja la saa nne, na ombi la magari mawili mapya liliwekwa kando na mwenyewe aliyelileta.

Mambo yanapokwama

*Hakuna anayeuliza.* Mpe kila mjumbe dakika 3 aandike maswali matatu, kisha zungukeni duara kila mmoja asome moja. Anza na mdogo kwa cheo, kwani mkubwa akitangulia wengine watamfuata yeye.

*Mmoja anazungumza kupita wote.* Usimkemee mbele za watu. Simamisha kundi zima na uliza: "Tumewasikia wote?" Akiendelea, zungumza naye pembeni wakati wa chai, na mwombe akusaidie kuwafungua wenzake. Mara nyingi mtu huyo ana uwezo mkubwa, ila hajui afanye nini nao.

*Mwenye tatizo anajitetea kila swali.* Angalia kwanza namna maswali yanavyoulizwa, maana huenda "kwa nini hukufanya" zimerudi. Kama maswali ni salama na bado anajikinga, muulize ni kitu gani anachoogopa kisijulikane. Huenda hana uhakika na ahadi ya usiri, na hapo ni mlezi anayepaswa kuirudia.

*Kikao kimegeuka kuwa cha malalamiko.* Malalamiko yanabeba taarifa, kwa hiyo usiyafukuze. Yape dakika 5, yaandike, kisha uliza: "Katika haya, lipi tuna uwezo wa kuligusa kabla ya kikao kijacho?"

*Wajumbe wanakosa vikao.* Wakipungua 4, ahirisha kwa siku zisizozidi tatu. Usiendeshe kikao cha watu wawili ili tu kionekane kimefanyika. Anayekosa mara mbili mfululizo aulizwe kwa upole kama anahitaji kupumzishwa.

*Mkuu wa idara anataka muhtasari wa nani alisema nini.* Mpe maazimio, majina ya wanaoyatekeleza na tarehe. Akisisitiza, mpeleke kwa mlezi. Ukitoa maneno ya chumbani mara moja tu, kundi limekwisha, hata kama vikao vitaendelea.

*Azimio halikutekelezwa.* Usikubali "nilibanwa" ipite hivi hivi, na wala usimwaibishe mtu. Uliza kilichozuia kilikuwa kipi hasa. Wakati mwingine kizuizi hicho ndicho tatizo lenyewe ambalo kundi halikuwa limeliona. Kitendo kikishindikana mara mbili, kipunguze nusu.

*Mlezi amehamishwa au amestaafu katikati ya vikao.* Hili hutokea sana katika taasisi za umma. Msisubiri mpaka aliyekuja awazoee. Ombeni miadi ndani ya wiki ya kwanza, na aende mwenye tatizo, si mwezeshaji. Abebe ukurasa mmoja wenye tatizo kama lilivyoandikwa hatua ya 8, kilichojaribiwa, namba za kabla na baada, na idhini inayoombwa. Hadi atakapotamka zile ahadi tatu mbele ya kundi, endeleeni na vikao, lakini msianzishe jaribio jipya.